Kuokoa na Kukomboa: Filamu ya Mtoto Aliyetekwa na Utenzi wa Fumo Liyongo

Utangulizi

Hadithi ya mtoto aliyetekwa haihitaji utangulizi mrefu. Msimuliaji halazimiki kueleza kwa nini mzazi analia, wala kwa nini anaondoka nyumbani usiku bila ya kuaga. Mtazamaji ameshaelewa kabla hajaambiwa. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa filamu wenye mfuko mdogo wameipenda sana. Panahitajika mtoto mmoja, mzazi mmoja, genge la wabaya, na njia ndefu ya kufukuzana. Mengine yote huletwa na hofu ya mtazamaji mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi hadithi ya namna hiyo inavyojengwa katika filamu za mapigano za gharama ndogo, na kuipima kwa kipimo kilichopatikana katika visiwa vya Lamu: Utenzi wa Fumo Liyongo. Filamu itakayotazamwa zaidi ni Crazy World ya Nabwana I.G.G. wa Uganda, iliyotengenezwa mwaka 2014 na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2019. Lamu imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, visiwa hivi vina kisa cha kale cha mateka na uokozi ambacho kimekamilika kisanaa kuliko filamu nyingi za leo. Pili, tangu mwaka 2011 visiwa hivi vimeonja utekaji wa kweli, na pwani ya Kenya imekuwa mandhari ambayo filamu za makomando huitolea macho.

Hoja inayotetewa ni kwamba uchache wa fedha si kasoro ya filamu hizi. Kasoro iko katika shujaa wa kuazima, ambaye akiingia katika hadithi huwafukuza wenyeji wote wasiwe na la kufanya.

Maneno Matatu

Kabla ya kuzitazama kazi zenyewe, yafaa kuyapima maneno yanayotumika kuzieleza. Neno mateka limetokana na kuteka, yaani kutwaa kwa nguvu, hasa vitani. Mateka ni watu, na mateka ni mali pia. Lugha ya zamani haikuona haja kubwa ya kuvitenga viwili hivyo. Hilo si ajabu katika pwani iliyoishi na biashara ya watumwa. Mkataba wa mwaka 1873 baina ya Sultani Barghash wa Unguja na Waingereza ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, lakini hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Watoto wengi wa bara walitekwa na kuletwa pwani, na hapakuwa na komando aliyewafuata. Yeyote anayeisimulia hadithi ya utekaji katika mwambao huu anasimama juu ya kaburi hilo, ajue asijue.

Neno la pili ni kuokoa, yaani kumtoa mtu katika hatari. Neno hili halisemi ni kwa njia gani. Mtu huweza kuokolewa kwa mkono, kwa kamba, kwa dua au kwa hila.

Neno la tatu ni kukomboa. Leo likisikika huja na harufu ya baruti, kwa kuwa miaka ya 1960 na 1970 lilibeba mzigo wa vita vya uhuru kusini mwa Afrika. Lakini maana yake ya asili ni kulipa ili kurudishiwa. Mtu hukomboa shamba lililowekwa rehani, hukomboa pete, hukomboa mtu aliyetekwa. Na fedha zinazotolewa huitwa ukombozi au kikomboleo. Kwa hiyo ndani ya neno moja zimekaa njia mbili zinazogombana: ya mfuko na ya bunduki. Filamu ya mapigano huichagua bunduki na kuufanya mfuko kuwa fedheha. Maisha halisi, kama itakavyoonekana, mara nyingi yamefuata njia ya mfuko.

Umbo la Filamu ya Uokozi

Mifano miwili ya ng'ambo inatosha kuonyesha umbo hili lilivyo. Katika Commando ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Mark L. Lester, askari mstaafu anatekewa binti yake. Bei inayodaiwa ni kumwua rais wa nchi nyingine. Baba anakataa, anawafuata watekaji mpaka kisiwani walikomficha mtoto, na kuliangamiza jeshi zima peke yake. Katika Taken ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Pierre Morel, binti anatekwa Paris na kuuzwa mnadani. Baba anafika mnadani hapo na bastola mkononi. Hatoi senti yake hata moja.

Filamu hizi zina kanuni nne zinazofanana. Ya kwanza ni kwamba shujaa ni mmoja, tena tayari ameshafunzwa kuua kabla hadithi haijaanza. Mapenzi ya baba hayamfundishi jambo jipya, bali humpa ruhusa ya kufanya analolijua. Ya pili, mtoto ni sababu ya hadithi lakini si mtendaji wake mkuu. Kazi yake kubwa ni kungojea. Ya tatu, mahali anapozuiliwa ni ugenini, mara nyingi kisiwa au mtaa wa watu wa asili nyingine, na wakazi wake hawana majina. Ya nne, serikali na majirani ama ni wazembe ama ni wasaliti, ili upweke wa shujaa upate kuhalalishwa.

Riwaya ya Kiswahili iliupokea mjadala huu mapema. Mohamed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimleta Bwana Msa, mtu wa kiko na fikira, ambaye silaha yake ni kuuliza na kunyamaza. Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, alimleta Willy Gamba, mpelelezi wa bastola, ngumi na mapenzi ya haraka. Wasomaji wengi walimpenda Gamba, na si haki kuwalaumu, kwani riwaya zake zinakwenda mbio na zinasomeka. Hata hivyo njia mbili zilikwisha kubainika. Filamu za gharama ndogo za Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, zimemfuata Gamba na kumwacha Bwana Msa amekaa na kiko chake.

Crazy World na Mtaa wa Wakaliga

Nabwana I.G.G., ambaye jina lake kamili ni Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana, hutengeneza filamu zake katika mtaa wa Wakaliga, jijini Kampala, chini ya kampuni ya Ramon Film Productions. Filamu iliyomtangaza ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ambayo husemwa kuwa iligharimu chini ya dola mia mbili za Kimarekani. Kompyuta aliziunga mwenyewe kutokana na vipande. Bunduki hutengenezwa kwa vyuma chakavu na mbao. Waigizaji ni majirani.

Katika Crazy World, genge liitwalo Tiger Mafia linateka watoto ili watolewe kafara, kwa imani kwamba damu ya mtoto italeta utajiri. Baba mmoja aliyenyang'anywa mtoto anaishi jaani katika hali ya kichaa, na wazimu wake unakuwa ndio kivuli cha kulipiza kisasi. Genge linafanya kosa la kuwateka watoto waliofunzwa mapigano ya kung fu. Kuanzia hapo hadithi inageuka: waliotekwa ndio wanaopigana, na watu wazima wanabaki kufuata nyuma.

Dhamira hii haikuokotwa hewani. Mauaji ya watoto kwa ajili ya kafara yamekuwa kilio cha kweli nchini Uganda, hata mwaka 2021 bunge likapitisha sheria maalumu ya kuzuia na kuadhibu utoaji wa binadamu kafara. Mtazamaji wa Wakaliga anapoona mtoto mdogo anakimbizwa na mtu mwenye gari, haoni njozi ya Hollywood. Anaona jambo ambalo amewahi kumwonya mwanawe asubuhi anapokwenda shule. Tena genge katika filamu hii linataka mtoto kwa sababu linataka mali. Mtoto wa maskini anageuzwa kuwa mtaji wa mtu mwingine. Uhusiano huo wa kitabaka unaonyeshwa bila ya hotuba.

Upande wa fani, filamu hii inavunja kanuni mbili kati ya nne zilizotajwa. Shujaa si mmoja, na mtoto hangojei. Kuvunjwa kwa kanuni ya pili ndiko kunakoipa uzito. Katika Commando mapenzi ya baba hupimwa kwa idadi ya maiti. Katika Crazy World uwezo wa mtoto hupimwa kwa yale aliyofundishwa na mtaa wake kabla hajatekwa. Malezi ndiyo silaha. Hilo ni jambo ambalo mtunzi wa tendi wa pwani angelielewa upesi.

Jambo jingine la fani ni sauti ya msimuliaji. Juu ya picha na juu ya maneno ya waigizaji imewekwa sauti ya VJ Emmie, ambaye huchekesha, hutabiri, hushangilia, huwakejeli wabaya na hata humkejeli mwongozaji. Mtindo huu haukuanzia kwake. Umetoka katika vibanda vya video, ambako filamu za kigeni husimuliwa kwa lugha ya watazamaji. Kenya inamjua DJ Afro, na Tanzania ilimjua Lufufu. Wahakiki wengine huiona sauti hii kuwa ni kelele inayoharibu sanaa. Maoni hayo yanasahau kwamba msimuliaji huyu anafanya kazi ya mtambaji wa ngano: anasimama kati ya kisa na hadhira, na kuidai hadhira ijibu. Pia anazalisha maana mbili kwa wakati mmoja. Picha inasema hofu, sauti inasema tusiogope.

Hata hivyo kicheko kina gharama yake. Mtoto wa filamuni anapokwepa risasi na msimuliaji akacheka, mzazi aliyepoteza mtoto wa kweli hana mahali pa kukaa katika ukumbi huo. Baba kichaa wa jaani ndiye mhusika aliyeumbwa kwa uchungu mkubwa kuliko wote, lakini filamu haimpi dakika ya kutulia. Kila huzuni yake inapokaribia kuiva, mlipuko unaingia. Inawezekana kusema kwamba ndivyo jamii iliyozoea misiba inavyojilinda. Lakini msanii aliyethubutu kugusa donda hili angeweza kuliacha wazi kwa muda kidogo zaidi. Sifa ya filamu hii ni ujasiri wa kuwapa watoto nguvu. Upungufu wake ni kuogopa ukimya.

Utenzi wa Fumo Liyongo kama Hadithi ya Uokozi

Utenzi wa Fumo Liyongo uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na ukatolewa Dar es Salaam mwaka 1973 chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Kwa kawaida husomwa kama utenzi wa shujaa. Wanafunzi huulizwa juu ya nguvu zake, upinde wake, na mkoba wake uliokuwa na kinu na vyungu. Ni nadra kuulizwa juu ya jambo ambalo ndilo kitovu cha mtiririko wake: Liyongo anafungwa, anaokolewa, kisha anauawa na mwanawe.

Kisa cha kufungwa kinafaa kukumbushwa. Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo, anamtia gerezani kwa minyororo, na kuamua auawe. Mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa mjakazi, Saada. Walinzi wanakila chakula kizuri. Liyongo anamtuma Saada kwa mama yake, na ujumbe wake anautia katika wimbo: uokwe mkate wa wishwa, na ndani yake iwekwe tupa. Mkate wa pumba unapofika, walinzi wanaudharau na kumwachia mfungwa. Liyongo anaomba ngoma ya gungu kabla ya kufa. Watu wanakusanyika, matoazi na pembe zinalia, na ndani ya mshindo huo anakereza minyororo mpaka inakatika.

Kwa vipimo vya filamu, huu ni mtiririko usio na dosari. Saa inahesabiwa, kwa kuwa siku ya kuuawa imekaribia. Kuna kizuizi, ambacho ni ulafi wa walinzi. Kuna hila, ambayo inaugeuza ulafi huo kuwa mlango. Kuna sauti inayoficha sauti nyingine. Na gharama yake ni ndogo mno: mkate, tupa, ngoma. Hakuna hata risasi moja.

Lililo kubwa zaidi ni mgawanyo wa kazi. Liyongo ndiye mwenye nguvu kuliko wote, lakini nguvu zake hazimsaidii gerezani. Anaokolewa na mama anayeoka, mjakazi anayetembea, na umma wa mji unaocheza ngoma bila ya kujua kwamba unashiriki katika ukombozi wake. Shujaa mwenyewe anachangia utunzi. Wimbo wake una tabaka mbili: mlinzi anasikia malalamiko ya mfungwa mwenye njaa, na Saada anasikia maagizo. Hapo ndipo sanaa ya Kijumwa na sauti ya VJ Emmie zinapokutana kwa mbali. Pande zote mbili zinajua kwamba mnyonge huokolewa na maneno yanayosikika kwa namna moja na adui na kwa namna nyingine na ndugu.

Utenzi huu nao hauko juu ya lawama. Saada anafanya kazi ya hatari kuliko wote. Angegunduliwa, hapana shaka angekuwa wa kwanza kuadhibiwa. Lakini akishaufikisha mkate, anatoweka katika kisa, na hakuna anayeuliza kama yeye aliachwa huru. Mfungwa wa ukoo wa kifalme anakatiwa minyororo kwa juhudi ya mtu ambaye minyororo yake haionekani. Uhakiki unaojali tabaka hauwezi kulipita jambo hili kimya. Filamu yoyote ya siku zijazo itakayochukua kisa hiki itakuwa na deni kwa Saada.

Tena utenzi unakataa faraja ambayo filamu huitoa bure. Filamu ya uokozi huishia pale mtoto anapokumbatiwa. Kijumwa anaendelea. Aliyeokolewa na mama yake anakuja kuuawa na mtoto wake, kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, kwa ahadi ya cheo na ndoa. Mtoto katika kisa hiki anatekwa pia, ingawa hakuna aliyemshika mkono: anatekwa kwa tamaa. Na hakuna anayekwenda kumwokoa. Anadharauliwa na waliomtuma na kufa kwa majuto. Kwa hiyo utenzi unauliza swali ambalo filamu ya mapigano hailithubutu: itakuwaje ikiwa aliyemteka mtoto si jambazi wa mbali bali ni mtawala wa mji wake mwenyewe, tena kwa maneno matamu?

Visiwa Baada ya Mwaka 2011

Usiku wa tarehe 11 Septemba 2011 watu wenye silaha waliingia katika hoteli moja ya Kiwayu, wakamwua mgeni mmoja wa Kiingereza, David Tebbutt, na kumchukua mkewe, Judith, mpaka Somalia. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo, Mfaransa Marie Dedieu, ambaye alikuwa mlemavu asiyeweza kutembea, alichukuliwa kutoka nyumbani kwake katika kisiwa cha Manda. Alifia mikononi mwa watekaji katika mwezi huo. Katikati ya Oktoba jeshi la Kenya liliingia Somalia. Judith Tebbutt aliachiliwa Machi 2012, baada ya zaidi ya miezi sita, kwa fidia iliyopatikana kwa jitihada za jamaa zake, mwanawe akiwa mbele.

Matukio haya yakiwekwa kando ya filamu, tofauti inakuwa dhahiri. Mmoja alikufa bila ya kufikiwa na mwokozi. Mwingine alikombolewa, kwa maana ya kale ya neno hilo: fedha zilitolewa, mtu akarudi. Aliyehangaika si baba mwenye bastola bali ni mtoto aliyemkomboa mama yake kwa subira na simu. Hakuna filamu ya mapigano inayoweza kujengwa juu ya subira ya namna hiyo bila ya kubadili umbo lake. Na bado huo ndio ujasiri uliozaa matunda.

Wenyeji nao walilipa, ingawa hawakutekwa. Watalii walipungua baada ya serikali za Ulaya kuwaonya raia zao wasiende Lamu, na kazi zikapotea kwa manahodha, wapishi na wachongaji. Uvuvi wa usiku ulikatazwa kwa ajili ya usalama, na katazo hilo lilidumu miaka kadhaa. Ni dhahiri kwa yeyote anayeijua bahari kwamba usiku si wakati wa ziada kwa mvuvi. Wako samaki ambao hupatikana wakati huo tu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambamo watu wapatao 60 waliuawa, ilifuata amri ya kutotoka nje usiku. Ikawa kila mwenye ngalawa anatazamwa kwa shaka.

Hapa ndipo kanuni ya tatu ya filamu ya uokozi inapoacha kuwa mchezo. Filamu inayozoea kukiona kisiwa kuwa maficho ya wabaya, na wakazi wake kuwa watu wasio na majina, inamfundisha mtazamaji kumtazama mvuvi wa Kizingitini au Faza kwa jicho lilelile la mwenye kutoa katazo. Mwaka 2021 ilitoka Mission to Rescue, filamu ya Kenya iliyoongozwa na Gilbert Lukalia, kuhusu askari wa kikosi maalumu wanaotumwa kuwaokoa mateka walioshikwa na Al-Shabaab. Kenya iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za kimataifa. Si haba kwamba filamu ya mapigano ya humu nchini ilifikia daraja hiyo, na kwamba mwokozi katika filamu hiyo ni Mwafrika anayesema lugha za nyumbani. Lakini umbo lake ni la kikosi, yaani shujaa wa Commando aliyegawanywa kuwa watu kadhaa na kuvishwa sare ya taifa. Umbo hilo lina nafasi ya mateka, ya gaidi na ya askari. Mtu wa nne, yaani mwenyeji aliyebaki na gharama, hana pa kusimama.

Swali la lugha linafungamana na hilo. Lamu ina Kiamu, Pate ina Kipate, na masikio ya mwenyeji hutambua mara moja mgeni kwa jinsi anavyotamka neno. Kijumwa aliuandika utenzi wake kwa lahaja ya kaskazini, na sehemu ya nguvu za wimbo wa Liyongo ni kwamba unasikika kama maneno ya kwao. Filamu inayowapa wavuvi wa visiwa Kiswahili cha Nairobi imeshawanyang'anya uwezo wa kufichiana siri. Saada wa filamu ya namna hiyo asingeweza kupokea ujumbe wowote, kwa maana walinzi na yeye wangekuwa wanasikia kitu kimoja.

Nafasi ya Filamu ya Visiwani

Kutokana na yaliyotangulia, haifai kuhitimisha kwamba filamu ya mapigano iachwe. Hadhira inaipenda, na ina haki. Kinachowezekana ni kuonyesha kwamba visiwa vya Lamu vina malighafi ambayo mtengenezaji mwenye mfuko mdogo hatalazimika kuinunua.

Mfano mmoja ni maji. Mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika kwa shida maji yakipwa. Mji wa Pate haufikiki kwa chombo mpaka maji yajae. Mtekaji mgeni mwenye injini kubwa hajui saa hizo; mtoto wa miaka kumi wa kisiwani anazijua. Mbio za chombo baina ya mikoko, huku bahari ikikauka chini ya jahazi, zina taharuki ambayo haihitaji baruti. Na ujuzi unaomwokoa mtoto utakuwa ni ule aliofundishwa na babu yake, sawa na watoto wa Wakaliga waliookolewa na mafunzo ya mtaa wao.

Mfano wa pili ni ngoma. Mwongozaji anayejua gungu ana mandhari ya sauti iliyotengenezwa tayari, pamoja na umma wa waigizaji wasiohitaji kufundishwa kucheza. Mfano wa tatu ni fidia yenyewe. Mchango unaopitishwa nyumba kwa nyumba ili kumkomboa mtoto wa maskini, na ugomvi unaozuka kuhusu nani ametoa na nani amekataa, ni mgogoro wenye maudhui mazito kuliko mapambano ya watu ishirini wenye bunduki za mbao. Humo yataonekana mapenzi, ubahili, deni la zamani na heshima.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hadithi ya mateka ina historia ndefu katika visiwa vya Lamu, na kwamba utenzi wa mwaka 1913 unaieleza kwa upana unaozishinda filamu nyingi zenye fedha zaidi. Crazy World imethibitisha kwamba mtaa maskini unaweza kumwondoa shujaa mpweke na kuwapa watoto kazi ya kujiokoa, hata kama kicheko chake kinazima huzuni kabla ya wakati. Mission to Rescue imethibitisha kwamba Kenya inaweza kutengeneza filamu ya mapigano inayosimama mbele ya walimwengu, hata kama mwenyeji wa pwani bado hajapata nafasi ndani ya umbo lake.

Kazi iliyobaki ni ya pande mbili. Walimu wa fasihi wanapaswa kuusoma upya Utenzi wa Fumo Liyongo kama masimulizi ya taharuki, wakimfuatilia Saada hatua kwa hatua, badala ya kuwataka wanafunzi wahesabu vyombo vilivyokuwa mkobani. Na watengenezaji wa filamu, hasa vijana wa Lamu, Siyu na Faza ambao sasa wana simu zenye uwezo wa kupiga picha, wanapaswa kujua kwamba hawaanzi na mikono mitupu. Mkate wa wishwa, tupa na ngoma viliwahi kutosha kumtoa mtu gerezani. Filamu itakayoanza na Saada, na kumfuata akirudi nyumbani usiku baada ya mkate kufika, bado haijatengenezwa.